Msalaba wa Othmar Ng'ambo

Mume wangu Othmar alizikwa ng'ambo ya ziwa, na mimi ndiye niliyekubali azikwe huko.

Alikuwa akivusha maharage yetu ya Mbuji kwenda kisiwa kimoja cha ng'ambo na kurudi na usipa mkavu, dagaa wetu wa Nyasa. Siku zile nchi yetu na nchi ya ng'ambo zilikuwa ndani ya Umoja mmoja. Ukiwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, unapanda boti Mbamba Bay asubuhi, mchana uko kwa watu. Homa ilimkamatia hukohuko. Nilipofika alikuwa amekwisha fariki, na joto la ziwani halisubiri. Shemeji yangu Tadei alipiga simu akitaka tumlete nyumbani. Nikamwambia, "Shemeji, huku na huko si kumoja tu? Tutakuja kumwona tukitaka." Basi akazikwa nyuma ya kanisa la Waanglikana, kwa heshima zote ingawa sisi ni Wakatoliki, nami nikarudi Mbuji nimevaa kaniki.

Kwa ukoo wa mume wangu, mjane havui kaniki mpaka msalaba wa kudumu usimikwe kaburini. Ukishasimikwa, wifi yake anamwogesha kwa maji ya majani na kumvika kitenge. Kabla ya hapo hapigi jembe la kwanza shambani wala hapokei wageni wa posa. Na binti yangu Beata alikuwa na mchumba. Wazee wa kijana walikuwa wameshauliza mara mbili, kwa adabu, kama nyumba yetu iko tayari.

Mwezi wa tisa tangu mazishi, redio ikasema nchi ya ng'ambo imejitoa kwenye Umoja. Nilidhani ni mambo ya wakubwa na meza zao. Kisha usipa ukaadimika sokoni Mbinga. Kisha maharage yetu yakaanza kutobolewa na wadudu ghalani kwa kukosa wa kuyavusha. Hayo niliyaona, lakini roho yangu ilikuwa kwenye msalaba.

Mwaka ulipotimia, fundi wa Ruanda, kijiji jirani, alituchongea msalaba wa mninga, jina la Othmar limekatwa vizuri. Mimi, Tadei na Beata tukaupeleka Mbamba Bay. Ofisini tulimkuta kijana mwenye sare, mpole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Hii mbao inakwenda wapi?"

"Si mbao, ni msalaba," akasema Tadei.

"Umetengenezwa kwa nini, mzee?"

"Mninga."

"Basi ni mbao. Tangu wenzetu wajitoe, mbao haivuki bila kibali cha mazao ya misitu."

"Kwa hiyo Bwana Yesu alisulubiwa kwenye mazao ya misitu?"

Watu wa kwenye foleni wakaangua kicheko. Yule kijana naye aliinamisha uso ili tusimwone. Akasoma tena barua ya paroko wetu tuliyokuja nayo, akatoka nje kumpigia simu mkubwa wake. Aliporudi alikuwa hanitazami.

"Msalaba utavuka kama mali ya kanisa. Mama atabaki."

"Utakwendaje peke yake, baba?"

"Msalaba una barua yenye muhuri, mama. Wewe unatakiwa pasipoti na viza, na viza yao siku hizi inaombwa Dar es Salaam."

"Mimi ni mke wake."

"Najua, mama. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hilo."

Nilikaa juu ya gogo pale ufukweni. Dar es Salaam sijawahi kufika, na hata pasipoti sijawahi kuiona. Tadei akaniambia taratibu kwamba ukoo utakubali msalaba ukisimikwa na mtu mwingine, mradi tuone picha. Nikakubali. Hiyo ilikuwa mara ya pili kukubali.

Aliyeuchukua ni Nathanieli, mtu wa kisiwani aliyezoea kumvusha Othmar. Siku ya mazishi hakuwepo, alikuwa ziwani kwenye kazi yake. Nikamwelekeza: nyuma ya kanisa, safu ya mwisho, kaburi la tatu kutoka ukutani.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Nikimaliza hilo nauza injini, naenda zangu kusini kutafuta vibarua. Hii ndiyo safari yangu ya mwisho. Ziwa limekuwa ukuta."

Akaondoka, na msalaba umelala katikati ya boti kama abiria mgonjwa. Niliutazama mpaka macho yakauma.

Picha ilifika Jumapili, baada ya misa. Tulikuwa tumeshaisubiri kwa siku nne. Wifi yangu Walburga alikuwa amechemsha maji ya majani tangu alfajiri, beseni liko uani, kitenge kipya kimekunjwa juu ya kiti. Simu ya Beata ilipolia, uwanja wote ulipiga vigelegele kabla hata hajaifungua.

"Umenyooka kama askari!" akasema Tadei. Simu ikapita mkono kwa mkono. "Haya wifi," akasema Walburga, "njoo nikuvue hilo gunia. Tumekuchoka na weusi huo, unatisha hata kuku." Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nikaomba nami nione. Nikaikuza picha kwa vidole kama Beata alivyonifundisha.

Msalaba ulikuwa wetu, na jina lake. Ila tuta lilikuwa fupi, halifiki hata nusu ya mtu. Juu yake kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki, chekundu, kimetobolewa kitako. Watu wa ziwani huacha chombo cha marehemu juu ya kaburi, wakakitoboa kisije kikachukuliwa. Kwenye kaburi la Othmar hawakuweka chombo, kwa kuwa alikuwa mgeni. Palikuwa na mawe tu, niliyoyabeba mwenyewe kwenye kanga kutoka ufukweni. Kwenye picha hapakuwa na jiwe hata moja.

Nilikuwa nimehesabu makaburi kama vile watu wa kule wameacha kufa tangu niondoke.

Nikampa Tadei simu, nikamnong'oneza. "Shemeji, hili ni kaburi la mtoto."

Tadei akatazama muda mrefu. Akanivuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu."

"Mungu anajua pia kwamba hukuruhusiwa kuvuka. Restituta, nyamaza. Oga. Binti yako aolewe."

Nilimtazama Beata, amesimama mlangoni, ameshika kitenge changu kifuani. Sitasema uongo, nilitaka kunyamaza. Nilifungua fundo la kaniki, nikalishika hivyo limelegea. Kisha nikamfikiria mwanamke wa kule anayekuja kumwona mwanawe, akute jina la mwanamume asiyemjua limesimama kichwani pa mtoto.

"Na mama yake, shemeji?" nikasema, kwa sauti iliyofika uani.

Tadei akamrudishia Beata simu, akamweleza.

Beata alimwandikia Nathanieli palepale, auhamishe, atafute kaburi lenye mawe. Ujumbe ukabaki na alama moja, haukumfikia. Tulipiga, simu imezimwa. Jioni imezimwa, Jumatatu imezimwa, wiki nzima vivyo hivyo. Namba ya mtu mwingine wa kisiwani hatukuwa nayo, na boti hazikuja tena.

Jumapili ile wageni walikula wali, wakaaga mmojammoja bila kunishika mkono, maana mjane wa kaniki hashikwi mkono. Beata alirudisha kitenge sandukuni. Walburga akaliinua beseni, maji yamekwisha poa, akayamwaga kwenye migomba.