Swali Kuhusu Ngege Waliokufa

Katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya Kendu Bay, maktaba ilikuwa mahali pa adhabu. Ukichelewa asubuhi, unatumwa kupangusa vumbi vitabu. Ukipiga kelele darasani, unakaa huko ukiandika mara mia moja kwamba hutarudia. Hakuna aliyeingia kwa hiari yake isipokuwa Kidato cha Nne mtihani ulipokaribia, na hao nao walikuja na karatasi zao za marudio, rafu hawakuzigusa.

Mwezi wa Mei akaja mkutubi mpya, Madam Sainab. Alikuwa mtu wa hapo hapo Kendu. Baba yake aliuza nafaka karibu na msikiti. Siku ya kwanza alibandua karatasi ya KIMYA mlangoni. Siku ya pili aliweka mezani kopo la rangi alilolisafisha na kulitoboa juu, na kando yake penseli iliyofungwa uzi. Ijumaa, kwenye gwaride, alisema maneno machache.

"Andika swali lolote, usiandike jina. Nitatafuta kitabu chenye jibu na kukiacha mezani kikiwa wazi kwenye ukurasa wenyewe. Anayetaka kujua aje asome."

Wanafunzi walicheka. Tony wa Kidato cha Pili, ambaye hakujua kunyamaza, aliandika: Kwa nini chapati za shule ni ngumu kama soli ya kiatu?

Alidhani ataitwa ofisini. Jumatatu akakuta kitabu cha upishi kimefunguliwa kwenye sura ya unga. Unga uliokandwa ukipumzishwa, kilisema, hulainika. Ukisukumwa papo hapo, huwa mkaidi. Kufikia saa saba, nusu ya Kidato cha Pili walikuwa wamesukumana mlangoni wausome ukurasa huo. Hata mpishi, Gichana, alikuja na aproni yake, akasoma amesimama.

"Huyu aliyeandika hajawahi kupikia watu mia sita," alisema, akatoka.

Lakini Alhamisi iliyofuata alikanda unga kabla ya gwaride. Chapati zikawa afadhali, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Baada ya hapo kopo lilijaa. Kiboko hulala vipi majini asizame? Kwa nini miayo huambukiza? Nani alichora mpaka wa Kenya na Tanzania, na kwa nini ulinyooka vile halafu ukajipinda? Wengine walikuja tu kuona wenzao wameuliza nini, wakajikuta wamesoma kurasa tatu.

Dorine hakuwa miongoni mwao. Alikuwa msichana asiyependa kuonekana, na aliona kuuliza ni kama kujitangaza kwamba hujui. Hali hiyo ilibaki hivyo mpaka samaki wa baba yake mdogo walipokufa.

Baba yake mdogo, Levis, alifuga ngege kwenye vizimba vinne vya nyavu vilivyoelea ziwani. Asubuhi moja ya Julai, baada ya siku mbili za upepo mkali na baridi, aliwakuta maelfu yao wakielea matumbo juu. Harufu ilifika barabarani. Watu walijaa ufukweni, na kabla jua halijapanda vizuri, neno sumu lilikuwa limeshasemwa.

Tena lilikuwa na jina la mtu. Obare, mwenye mashua mbili, alikuwa amelalamika mwezi mzima kwamba vizimba hivyo vimemzibia njia ya kutia nanga. Siku moja, mbele ya watu, alikuwa amesema, "Vitu hivi vitaondoka tu." Sasa kila mtu aliyakumbuka maneno yale.

Liz, binti wa Obare, alikaa dawati moja na Dorine tangu Kidato cha Kwanza. Siku iliyofuata Dorine alisogeza vitabu vyake hadi ukingoni mwa dawati. Liz akaona, naye akasogeza vyake upande wa pili. Siku nne hawakusemeshana hata kuazimana rula.

Lakini jambo moja lilimkwaruza Dorine moyoni. Alikwenda ziwani siku ile kumsaidia baba yake mdogo kuopoa samaki, na alikuwa amekiona kizimba cha mwisho, kile cha vifaranga. Vifaranga walikuwa wakiogelea. Iweje sumu iue samaki wakubwa kama kiganja na kuwaacha hawa wadogo kama kidole? Alimuuliza mama yake, akaambiwa asijitie katika mambo ya wakubwa.

Siku ya tano, wenzake walipokuwa kwenye michezo, aliingia maktaba akaandika haraka: Samaki wengi wanaweza kufa asubuhi moja bila mtu kuwatilia sumu?

Kesho yake hapakuwa na kitabu mezani. Palikuwa na kikaratasi: "Nimelikuta swali hili mara mbili, kwa miandiko miwili. Jibu sijalipata. Walioandika waje tulitafute pamoja saa kumi."

Dorine alizunguka jengo mara mbili kabla ya kuingia. Alipoingia, Liz alikuwa ameketi tayari, vitabu vitatu mbele yake.

Walitazamana. Liz ndiye aliyeanza.

"Baba yangu hajafanya hiyo kitu."

"Mimi sijasema amefanya."

"Ulisogeza vitabu."

Madam Sainab alivuta kiti katikati yao kana kwamba hakusikia kitu. "Mimi nimesoma fasihi, samaki siwajui," alisema. "Tuanzie wapi?"

"Biolojia," Liz akasema.

"Jiografia," akasema Dorine. "Kwa sababu ya upepo."

Walitafuta siku tatu. Kitabu cha biolojia kiliwaambia kwamba samaki hupumua hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, na kwamba hewa hiyo huweza kwisha. Cha jiografia kilikuwa na mchoro wa ziwa lililokatwa kama keki: maji ya vuguvugu juu, maji ya baridi chini, na yale ya chini kabisa karibu hayana hewa yoyote. Dorine aliuangalia mchoro ule muda mrefu. Alikuwa ameoga katika ziwa hilo tangu utotoni, na hajawahi kujiuliza chini yake kuna nini.

Siku ya tatu, Liz alivuta kijitabu chembamba cha ufugaji wa samaki kilichokuwa kimebanwa nyuma ya kamusi. Jalada lilikuwa limeliwa na mende. Alisoma kwa sauti, akifasiri polepole kutoka Kiingereza: upepo mkali ukivuma pamoja na baridi, maji ya chini huweza kupanda hadi juu. Samaki walio huru hukimbia. Walio kizimbani hawana pa kukimbilia.

"Endelea," Dorine alimwambia.

"Hewa ikipungua, samaki wakubwa hufa kwanza, kwa maana huhitaji hewa nyingi. Wadogo huweza kupona. Lakini kukiwa na sumu, mara nyingi wadogo ndio..." Liz aliurudia mstari kwa kidole. "Wadogo ndio hufa kwanza."

Dorine alisimama. "Vifaranga wako hai! Niliwaona mimi mwenyewe!"

Liz alifunika uso kwa mikono yake miwili. Dorine alidhani anacheka, kumbe analia. Alimshika bega, akakaa naye hivyo mpaka Madam Sainab akaleta maji.

"Hicho ni kitabu," Madam Sainab aliwaonya baadaye. "Kinasema mara nyingi, hakisemi siku zote. Mtafuteni mtu wa kupima maji pia."

Jioni hiyo Dorine alimkuta baba yake mdogo akishona nyavu, akamweleza yote bila kupumzika. Levis alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Huyo aliyeandika," aliuliza, "alikuwa hapa siku ile?"

"Hapana, Baba."

"Analijua ziwa letu?"

"Hapana. Lakini anajua samaki. Kwa nini vifaranga hawakufa?"

Levis aliacha kushona. Swali hilo hakuwa amejiuliza. Asubuhi alimpigia simu afisa wa uvuvi, ambaye hapo awali yeye Levis alikataa kumwita akisema sumu haihitaji afisa. Afisa alikuja na kifaa cha kupima. Aliwaambia watu waliokusanyika kwamba hawezi kuapa kuhusu asubuhi ambayo hakuwepo, lakini dalili zote ni za maji kukosa hewa, na kwamba wafugaji wengine wawili kule mbele walipoteza samaki siku ileile. Hao Obare hakuwa na ugomvi nao.

Kijiji kilipoa polepole. Hakuna aliyeomba msamaha hadharani. Waliokuwa wamesema sana ndio waliokuwa wa kwanza kusema hawakusema.

Wiki ya mwisho ya muhula palikuwa na mkutano wa wazazi. Hotuba zilipokwisha, Levis alimwendea Dorine, gambuti miguuni.

"Hicho kitabu kiko wapi? Nipe niende nacho."

"Hakitoki nje ya maktaba, Baba. Kuna kimoja tu."

"Basi nitakisomea humo humo."

Madam Sainab alimkaribisha kwa heshima zote. Levis aliketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigusa meza, akafuata mistari kwa kidole. Maneno mengine ya Kiingereza yalimshinda, na Liz akawa anamfasiria kwa Dholuo kutoka upande wa pili wa meza. Walikuwa wamefika kwenye kina kinachofaa kwa vizimba pale mlango ulipotiwa giza na mtu. Alikuwa Obare, amemfuata binti yake.

Wanaume wale wawili hawakuwa wamesemeshana tangu asubuhi ile ya Julai. Dorine aliubana mkono wa kiti.

Levis alimtazama Obare, akakitazama kitabu, kisha akajisogeza na kuvuta kiti kingine kwa mguu.

"Kinasema niviweke mbali zaidi, penye kina," alisema. "Njia yako itakuwa wazi."

Obare alikaa. Alivaa miwani yake, akainama juu ya ukurasa. "Hapo wanasema mita ngapi?"

Walisoma hadi mwisho wa sura, mmoja akimsahihisha mwenzake. Kisha Obare akainua kichwa, akazitazama rafu zilizojaa ukutani kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

"Mwalimu," alimwita Madam Sainab, "na kuhusu omena, hawa dagaa wetu, je, kuna kitu?"

Madam Sainab aliwageukia wasichana wawili. Liz alikuwa ameshapanda kwenye stuli, na Dorine ameishika isitikisike.