Mtego wa Juzuu ya Tatu

"Mtego wa kwanza ni paka wa nahodha, wa pili ni lile daraja la kioo," alisema mhariri kwenye simu. "Hiyo nimeshaifuta. Wa tatu je?"

Kamusi aliutafuta mtego huo kichwani, akaukosa.

Kamusi lilikuwa jina la utani, na lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika miongozo ya Nyumba ya Angani, tamthilia ya watu waliohamia kwenye nyota: kila mhusika, kila chombo, kila sayari, kwa mpangilio wa alfabeti. Watu wazima na ndevu zao walimpigia simu awaamulie ubishi. Na kwa kuwa wezi wa maandishi hawana haya, katika kila juzuu alitega mtego: habari moja ya uongo, aliyoitunga mwenyewe, ili mwizi wa kazi yake ajulikane. Mitego hiyo hakuiandika popote. Aliitunza kichwani na kujisifia kichwa. Sasa kituo cha televisheni kilitaka kuchapisha upya juzuu zote tatu, na uongo ulipaswa kutoka.

"Nitakupigia jioni," alisema.

"Usiniambie umesahau, mzee." Mhariri alicheka. "Wewe?"

Naye akacheka, maana kilio kilikuwa karibu mno. Mama yake alianza hivi hivi. Aliuliza jina la jirani, wakamtania; mwisho wake alimwita mwanawe "bwana", kwa adabu zote, kama anavyoitwa mtu aliyekuja kusoma mita. Kamusi aliogopa kwamba sasa ni zamu yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na binti wa pekee wa kumtia hofu.

Alimwita hata hivyo. Binti alikuja kutoka kwenye cherehani yake, futi bado shingoni. Alikuwa amekua na tamthilia hiyo, na kusoma alijifunzia kwenye juzuu ya kwanza.

"Ukaguzi tu wa kawaida," baba alimdanganya. "Mimi nasoma, wewe unatia alama."

"Na hilo jasho ni la kawaida pia?"

Walianza na A ya juzuu ya tatu. Kila habari aliyoisoma aliitafutia uongo, na kila moja ilikuwa kweli tupu. Saa nane walifika M, na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka.

"Muuguzi wa zamu. Sehemu ya arobaini na moja. Anaingia ghalani na taa mkononi, anasema maji yamebaki ya siku mbili." Kwa mara ya kwanza siku ile, Kamusi alitabasamu. "Huyu nilimpenda. Ana kovu kidevuni, na sauti kama ya mtu mwenye mafua."

Binti hakutia alama.

"Baba, huyu hayupo."

"Yupo."

"Sehemu hiyo nimeiona mara kumi. Ghalani haingii mtu." Kisha uso wake ukachangamka. "Si ndiye mtego wako? Nilijua tangu mwanzo ndio unaoutafuta. Tumempata. Mpigie mhariri, yaishe."

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Kwa kusahau alikuwa amejiandaa. Lakini hakuwa amemsahau yule mwanamke. Alimwona hata sasa, alivyoinua taa, alivyokohoa kabla ya kusema.

"Iweke," alisema. "Nataka kuiona."

Binti aliiweka sehemu hiyo kwenye televisheni. Ghala likatokea, masanduku yamepangwa hadi dari, nahodha ameketi peke yake na mlango wa kijivu nyuma yake. Nahodha alipangusa uso. Akasimama. Picha ikahamia kwingine.

Binti alimshika baba yake mkono bila kumtazama.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu," alisema Kamusi. "Ni sasa hivi anaingia."

Akarudisha. Mlango ulikuwa umefungwa, na mzee alikuwa ameinama mbele, akimngoja.