Mchoro wa Koridoni

Chiriku hakupewa jina hilo bure. Ana miaka mitano, na mdomo wake hauna likizo. Lakini siku ile alitoka nyumbani kimya, kashikwa mkono na shangazi yake, kanuna mpaka mashavu yamemjaa. Nyuma yake baba, fundi rangi, alikuwa anakoroga ndoo ya rangi nyeupe. Mchana ule ule angeufuta mchoro mkubwa ambao Chiriku aliuchora kwa mkaa koridoni, ukutani, mkabala na mlango wa jikoni.

"Nataka kuona ukuta, sitaki kuona masizi," mama alikuwa ameshasema, na mama akisema, limekwisha.

Kazi ya shangazi ilikuwa kumtoa mtoto nje ili asije akalia mbele ya ndoo. Alikuwa msusi, na hiyo ndiyo siku yake pekee ya kupumzika.

"Usinitie aibu humo ndani," alimwambia walipofika jumba la sanaa. "Mikono nyuma, sauti chini. Umesikia?"

Chiriku akaweka mikono nyuma, bado kanuna. Wakapita chumba cha kwanza na cha pili, picha za kila namna, mtoto wala hageuzi shingo. Shangazi akaanza kuingiwa na wasiwasi labda anaumwa.

Chumba cha tatu, Chiriku akaganda mlangoni. Ukuta wa mbele ulikuwa umechorwa kutoka sakafuni mpaka darini. Si picha ya kutundikwa, la! Ukuta wenyewe. Tena kwa mkaa!

"Shangazi!" Sauti ikajaa chumba kizima. "Mtu mzima kachora ukutani! Mama yake yuko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi akatamani ardhi ipasuke immeze. Mlinzi wa chumba, mama mnene aliyevaa sare, akainuka kwenye stuli yake akaja, na Chiriku akawahi kumwamkia kabla hajagombezwa.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu sogea, lakini usiguse. Unaona nini?"

Chiriku akasogea mpaka pua ikakaribia ukuta. "Masizi."

"Haya, rudi nyuma. Rudi tena. Rudi mpaka mlangoni."

Chiriku akarudi kinyumenyume. Masizi yakaanza kukusanyana: bega hili, kapu lile, mguu. Alipofika mlangoni akapiga ukelele. Lo! Soko zima! Watu wamejaa tele, mmoja kajitwika gunia, mwingine anapiga miayo. Akakimbia mbele: masizi. Akakimbia nyuma: watu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, anacheka mpaka kwikwi inamshika, na shangazi, aliyekuwa anaogopa aibu, naye akaingia mchezoni, mbele, nyuma, mkoba unampiga ubavuni.

"Tazameni mshibe," mlinzi akasema. "Mwisho wa mwezi ukuta huu unapakwa rangi nyeupe."

Chiriku akasimama ghafla. "Aliyechora atalia!"

"Wala halii. Alijua tangu mwanzo. Si watu wameshaitazama picha yake? Kila mtu kaondoka nayo kichwani."

Chiriku akatulia, anawaza. Korido ya kwao ni nyembamba. Mtu mzima akipita, bega linakaribia kugusa ukuta. Nani aliwahi kusimama mbali akautazama mchoro wake? Mama hakuutazama. Baba hakuutazama. Wote walikuwa wameona masizi tu.

"Shangazi, twende nyumbani! Baba atapaka na hawajauona!"

"Mtoto wewe, hata nusu hatujafika..."

"Twendeee!"

Ikawa mguu niponye. Mtoto anamvuta mtu mzima barabarani, watu wanageuka, shangazi kavua viatu kavishika mkononi. Wakaingia ndani wanahema. Baba kashachovya rola, kainyanyua.

"Baba, bado! Mama, njoo!"

Mama akatoka kwenye cherehani yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Kuna moto?"

"Nenda jikoni, kule mwisho, kwenye kabati. Baba na wewe. Mikono nyuma!"

"Makubwa! Naamriwa nyumbani kwangu!"

"Nenda tu, wifi," shangazi akasema, bado anatafuta pumzi. "Nenda, utazame."

Mama akarudi nyuma huku ananung'unika, mpaka mgongo ukagota kabatini, baba kando yake na rola mkononi. Akainua macho. Manung'uniko yakakatika.

Kwa mlango uliokuwa wazi alimwona mwanamke kwenye cherehani. Mikono ilikuwa kwenye kitambaa, lakini macho hayakuwa huko. Kichwa kimegeukia dirishani, shingo imenyooka, ndefu kupita kiasi, anachungulia.

"Nani huyu?" mama akauliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshajua.

"Wewe. Unaningoja nikitoka shule. Kila siku unachungulia hivyo, mimi nakuona nikiwa bado kule barabarani."

"Kumbe unaniona," mama akasema. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Chiriku akashusha pumzi ndefu. Furaha ilimjaa mpaka miguu ikawa inarukaruka yenyewe. Wameona! "Haya baba," akasema, "sasa unaweza kupaka."

Baba akanyanyua rola.

"Thubutu!" Mama alikuwa ameshafika mlangoni, kakinga mikono. "Gusa ukuta huo uone kama leo utalala humu."

Baba akabeba ndoo yake, akaenda kupaka bafuni.