Boti ya Kijani Jirani na Baa

Bi Geertje alikuwa akinywa supu ya njegere ndani ya boti anayoishi, mferejini Amsterdam, mtalii alipoingia bila hodi na kuanza kukipiga picha kitanda chake. Wa tisa wiki hii!

"We bwana, hapa ni makumbusho? Kwenu mnaingiliana vyumbani hivi? Toka! Huna hata haya!"

Mtalii akatabasamu, akamwomba arudie, maana simu ilikuwa haijaanza kurekodi. Kisha akamwonyesha ushauri wa wasafiri: "Ukitoka baa ya kona, ingia boti ya kijani. Usipige hodi. Bibi atakutukana vizuri sana, tena bure."

Geertje akafumbua kinywa amtukane, akakifumba. Mlangoni watu sita walishainua simu, wanamsubiri.