Ndege ya Kumpeleka Mama Kibosho

Usiku wa jana niliota nimekodi ndege nzima ya kutupeleka mlimani, na kilichonishangaza si ndege bali mama kukubali kupanda.

Mama yangu, Apolonia, anaishi nasi Tabata, Dar es Salaam, tangu magoti yalipomshinda. Kwao ni Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na Wachaga mnawajua: ikifika Desemba wanafunga maduka na kwenda kwao. Mama haendi. Basi ni safari ya kutwa, na magoti yake hayawezi kukunjwa kutwa. Majirani wakipakia mizigo yeye hukaa dirishani akiwaambia, "Nisalimieni migomba." Hasemi zaidi. Mimi hujifanya natafuta kitu chumbani, maana nikimtazama machozi hunitoka.

Basi katika ndoto ofisi ya kukodi ndege ilikuwa buchani. Nyama zimening'inia kama kawaida, na aliyekaa kaunta ni mizani, ile ya kupimia nyama. Niliisalimia, ikaitikia.

"Mnakwenda wapi?" mizani iliuliza.

"Kibosho, nyumbani kwa mama."

"Hatupeleki watu nyumbani kwa mtu. Ndege zetu zinakwenda kwenye hoteli za mlimani."

"Basi ni hoteli," nikasema, nami katika maisha ya kawaida siwezi kumdanganya hata mtoto.

"Ina nyota ngapi?"

Mama akajibu kutoka mlangoni: "Bati la jikoni limetoboka. Ukilala chali unaziona zote."

"Zote," mizani ikarudia kwa heshima, mshale wake ukatikisika. "Maji ya moto?"

"Ukiyachemsha."

"Wageni wanahudumiwa chumbani?"

"Mtoto akiumwa," mama akasema. "Huyu hapa aliugua surua nikawa namletea uji kitandani. Kupona akapona, kutoka kitandani akakataa."

"Hiyo ni hoteli nzuri," mizani ikasema. "Pandeni niwapime."

Ndipo nilipogeuka nikamwona mama vizuri. Amevaa gauni lake la kanisani, na kichwani amebeba mzigo wa majani mabichi aliyoyakata kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba yetu. Ameufunga kwa kamba ya mgomba, na fundo ni lilelile lake la zamani.

Hapa lazima nieleze. Kihamba chetu, yaani shamba lile linaloizunguka nyumba, ni migomba na kahawa tupu, hakuna malisho. Ng'ombe anafugwa zizini na majani yake yako chini, tambarare. Kwa hiyo mama alikuwa na sheria moja: hakuna anayetoka tambarare kupanda mlimani bila mzigo wa majani. Umetoka sokoni, umetoka hospitali, umetoka harusini na viatu vya kuazima, unapitia majani. Tulikuwa tunaupanda ule mlima kwa msururu, mama mbele, sisi nyuma na vimizigo vyetu, shingo zinawasha, tunaimba. Shingo yangu haijawahi kuwasha tena namna ile, na nimeikumbuka kiasi cha kuona aibu kusema.

"Mmezidi," mizani ikatangaza. "Kimoja kibaki. Mama, mtoto, au majani."

Mimi nimevaa suti. Wateja wa bucha wanatutazama, na nyama nazo zinatutazama. Nikauteremsha ule mzigo kichwani pa mama na kuuweka sakafuni.

"Melkiori," mama akasema, "tunapanda bila majani?"

"Mama, hii ni ndege ya kukodi."

"Inatokea wapi?"

"Inatokea hapa hapa, Dar es Salaam."

"Dar es Salaam ni mlimani?"

"Ni tambarare, Mama."

"Haya," akasema. Wanaomjua mama wanajua kwamba hiyo haikuwa "haya" ya kukubali.

Mizani ikatuonyesha mlango wa friji ya nyama. Tukaufungua, tukaingia, na ndani ni ndege. Viti vyake ni makochi yetu ya Kibosho, pamoja na vitambaa ambavyo mama alivifuma mwenyewe. Rubani hakuna. Ndege ilizungumza yenyewe, kwa sauti ya chini yenye haya, kama mkwe anayekula ukweni kwa mara ya kwanza.

"Karibuni. Tafadhali fungeni mikanda."

Nikaangalia huku na huku, hakuna mkanda. Ikabidi nivue wa suruali na kujifunga nao kwenye kochi. Mama akajifunga kanga. Ndege ikasema imeridhika.

"Hewa ikipungua," ikaendelea, "vikombe vitashuka kutoka juu. Mtu mzima ajiwekee chake puani kwanza, ndipo amsaidie mtoto."

Hapo hapo hewa ikapungua. Vikombe viwili vya bati vikashuka vikining'inia kwa kamba. Mama akakidaka cha kwanza, akanigeukia, akaniziba nacho pua kwa nguvu zake zote. Mimi nina ndevu zenye mvi.

"Mama," ndege ikasema kwa upole, "sheria inasema mtu mzima kwanza."

"Wewe una watoto?"

"Sina."

"Basi ruka."

Ndege ikaruka. Nilitamani kumwambia mama jambo fulani kubwa, lakini kikombe kilikuwa kimenibana, na kilinuka uji.

Sasa tunapita juu ya Chalinze. Halafu Chalinze inakwisha na chini yetu ni ua wa shule ya msingi, wanafunzi wanafagia, mmoja wao anatupungia kwa ufagio. Halafu ni mashamba ya mkonge. Nilipomtazama mama niliona amekunja miguu na kukaa juu yake, mkao ambao sijauona kwa miaka.

"Magoti yanasemaje?" nikamuuliza.

"Yamenyamaza. Yamesikia tunakwenda wapi."

Akacheka. Nywele zilizochungulia kwenye kilemba zilikuwa nyeusi. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Mlima ukatokea. Kihamba chetu kikaonekana chini, na katikati ya migomba kuna njia ile ya kwenda zizini, imefagiwa vizuri, imewekwa taa pembeni. Ndiyo uwanja wa ndege. Ndege ikaomba ruhusa ya kutua, na redio ikajibu kwa sauti ya mtu anayetafuna.

"Mnatoka wapi?"

Niliijua sauti ile kabla sijamwona mwenyewe. Ni Sista, ng'ombe wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu alitoka kwenye shamba la masista, na alikuwa na tabia ya kuwatazama watu kama wamekosa misa. Sasa amesimama mwisho wa njia, masikioni ameweka spika za kuongozea ndege, anacheua.

"Tunatoka tambarare," ndege ikajibu.

"Majani?"

Ndege ikajifanya inatazama mawingu.

"Nimeuliza majani yako wapi."

"Yalibaki buchani," ndege ikasema kwa aibu.

"Ruhusa hakuna. Zungukeni, mrudi mlikotoka."

Ndege ikainama, ikaanza kuzunguka. Mama alikuwa amegandisha paji la uso kwenye kioo. "Nauona mlango wangu," akasema. "Uko wazi. Nani ameuacha wazi?" Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye mkeka, na upande mmoja kuku walikuwa wameingia. "Shuu!" mama akafanya, huku juu angani. Kuku wakakimbia.

Kumfikisha mama juu ya mlango wake kisha kumgeuza ni ukatili ambao nisingeuweza hata ndotoni. Nikashika redio.

"Sista, ni mimi Melkiori!"

"Nakukumbuka. Ulikuwa unaimba vibaya."

"Mwache mama ashuke. Amekaa Dar muda mrefu, na hajui kama atakuja tena."

"Ningependa," Sista akasema, na nadhani alisema kweli. "Lakini sheria si yangu. Ni ya mama yako."

Nikamgeukia mama. "Mama, iondoe. Sema tu neno moja."

"Siwezi, mwanangu. Nimewarudisha watu wengi kwa sheria hiyo. Hata baba yako nilimrudisha, na mvua inanyesha. Leo niivunje kwa sababu nimekuja na ndege?"

"Mama, huyu ni ng'ombe tu! Tena alikufa zamani!"

"Nakusikia," Sista akasema redioni.

Tukazunguka tena. Nilikuwa karibu kulia. Ndipo ndege ikakohoa kidogo.

"Samahani," ikasema. "Kuna jambo sikulisema pale ofisini, niliona litawaogopesha abiria. Mabawa yangu na mkia ni majani ya mgomba."

Mama akachungulia nje. Alilitazama lile bawa kwa macho ya mtu aliyelisha ng'ombe maisha yake yote. "Mgomba gani?"

"Mchare wa Kibosho."

Redioni kutafuna kulikoma. "Amesema mchare?"

"Mchare," ndege ikarudia. "Lakini ieleweke, nikiliwa sirudi tena. Hakuna ndege ya kuwarudisha Dar."

"Na nani amekwambia anarudi?" mama akasema.

Kabla sijamuuliza ana maana gani Sista alikuwa ameshatoa ruhusa, na magurudumu yalikuwa yanagusa ile njia tuliyoifagia utotoni. Ndege ikasimama. Sista akaja polepole akaanza na bawa la kushoto. Alikula kwa adabu, hakuacha kitu. Ndege ikasema, "Karibu," kila alipomega.

Mama akashuka bila fimbo. Akavuka ua kwa haraka, akapita ule mlango uliokuwa wazi, nami nikabaki uani nimeshika suruali isianguke, maana mkanda niliusahau kwenye kochi. Nasikia masufuria yanagongana. Nasikia anamgombeza mtu aliyehamisha chumvi. Kunanuka moshi, kahawa mbichi na udongo uliolowa, na mimi ninasimama pale natamani mtu anitume maji.

Akatoka na ndoo na kigoda. Akakaa ubavuni mwa Sista, ambaye sasa alikuwa kwenye bawa la kulia, akaanza kukamua. Maziwa yakalia ndani ya ndoo. Hakuna sauti ninayoipenda kuliko ile.

"Wewe nenda," akasema bila kuinua uso. "Utachelewa kazini."

"Na wewe?"

"Si unaona nakamua?"

"Mama, twende wote. Tafadhali."

"Kwa usafiri gani? Ndege si imeliwa?"

Ilikuwa kweli. Sista alikuwa anamalizia mkia. Nilitaka kumkumbatia mama, lakini kila nilipopiga hatua ile njia ilizidi kurefuka, migomba ikaingia kati yetu, ikabaki sauti ya maziwa peke yake. Nikaita, "Mama!" Nikaita tena. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Feni inazunguka, joto la Tabata limeshaanza. Mke wangu, Yasinta, akaniuliza kwa nini nilikuwa naita. Nilikimbilia chumba cha mama. Kitanda kimetandikwa, shuka limenyooshwa, mama hayupo. Nikatoka nje mbio.

Nikamkuta uani. Amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, macho yamefungwa. Amevaa sweta lake zito la Kibosho ambalo hajaligusa tangu aje Dar.

"Mama," nikasema. Hakuitika.

Nikapiga magoti nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nilifikiri, basi, amebaki kule. Amebaki kweli, na mimi ndiye niliyemkodia ndege.

Vidole vyake vikanifinya.

"Umeamka," akasema, na kufungua jicho moja. "Mbona uliondoka bila kunywa maziwa?"

Nililia tu, kichwa mapajani pake, kama mtoto, na jirani anapita na ndoo anatusabahi.

"Nilidhani hurudi, Mama," nikasema hatimaye.

"Ningebakije? Asubuhi hii nani angekuchemshia chai? Yasinta anazidisha tangawizi." Akainyoosha miguu yake taratibu, akakunja uso. "Nimerudi kwa miguu."

"Kwa magoti hayo?"

"Kule hayaumi. Yameanza tena nilipofika Chalinze."

Akaniwekea mkono kichwani, na uliponipita usoni niliona povu jeupe limebaki katikati ya vidole vyake. Nikalionja. Yalikuwa maziwa, tena bado yana uvuguvugu. Yasinta akachungulia jikoni, akarudi mlangoni kutuambia kwamba kopo la maziwa ya unga limekwisha tangu juzi, kwa hiyo leo tutakunywa chai ya rangi.