Mkono Huu Kauinua Nani?

Kwa miaka ishirini na miwili fundi rangi alipaka dari za watu, na bega lake la kulia halikuwahi kumsumbua, mpaka siku alipoteleza jukwaani akaangukia ubavu wa kulia. Tangu hapo ilipita miezi mitatu akivalishwa na kuchanwa nywele na mdogo wake. Sasa kampuni iliyomwajiri ilimtaka akapimwe: bega likiwa limepona arudi kwenye dari, likiwa bado apewe kazi za chini.

Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka zake. Alimkalisha, akamwekea begani kipimapembe cha plastiki, kile chenye vijiti viwili vinavyofunguka kama mkasi.

"Inua mkono, mama."

Aliinua. Kabla haujafika usawa wa bega, mkono uligoma. Kijana akamshika kiwiko, akausukuma juu, akazidi kuusukuma, mpaka machozi yakamtoka mama wa watu. Ndipo akasoma kipimo.

"Nyuzi mia na hamsini. Safi kabisa!"

Akaandika kwenye fomu, akagonga muhuri, akamfungulia mlango. Fundi alitoka ameduwaa. Pale ukumbini, mdogo wake aliipokea fomu, akaisoma kwa sauti.

"'Anainua mwenyewe: mia na hamsini. Akisaidiwa: hakuna.' Mwenyewe? Dada, si mimi niliyekuvalisha gauni hili asubuhi?"

Hapo damu ikamchemka. Aligeuka, akaingia tena bila kubisha hodi, mdogo wake nyuma.

"Mwanangu, mkono huu kauinua nani?"

"Mama, foleni ni ndefu."

"Nimekuuliza swali dogo tu. Kauinua nani?"

Kijana aliutazama mlango. "Nilikusaidia kidogo."

"Basi andika kwamba ulisaidia! Nikiwa juu ya ngazi na rola inachuruzika rangi, utakuja kunishikia kiwiko?"

Mdogo wake alipasuka kicheko, kisha akakimeza, maana dada yake hakuwa na mzaha hata chembe.

"Pima upya. Shika hicho kipimo chako, lakini mimi usiniguse."

Kijana alipima. Mkono ulipanda ukitetemeka, ukakwama.

"Sabini na tano," alisema kwa sauti ya chini.

"Nusu! Umeniongezea nusu nzima ya mkono!"

"Mama, wanaotuletea wagonjwa wanataka watu warudi kazini."

"Na wakianguka tena?"

Kijana alichana fomu ya kwanza, akaandika nyingine, safari hii akijaza sehemu zote mbili, kila tarakimu mahali pake.

Nje, kwenye benchi, fundi bomba mmoja alikuwa amenyoosha goti lililofungwa bendeji, na kando yake mshonaji akijikanda kifundo cha mkono. Fundi rangi alisimama mbele yao.

"Akikusukuma, nguvu hiyo ni yake, si yako. Hakikisha anaiandika hivyo."

Kazi za chini alipewa: milango, na kuta mpaka usawa wa kifua. Lakini hasira haikumtoka. Jioni ile alimsimulia mumewe mara tatu, na kila alipofika kwenye "safi kabisa" sauti ilimpanda. Asubuhi akachukua karatasi, akamwita mdogo wake amwandikie, wakaanza barua kwa mkuu wa kituo kile: wangapi wengine wamerudishwa kwenye ngazi kwa nguvu za mikono isiyo yao?