Mbebaji wa Chini

Siku ile mjinga alikuwa Polikarpo, na mwenyewe hajawahi kumsingizia mtu mwingine. Alikodi mkokoteni Tandika, akakisukuma kinyago chake mpaka dukani kwa Talha, muuza vinyago wa Kinondoni, akakiacha kwa mali kauli. Hakuna karatasi, hakuna sahihi, kikiuzika utaitwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga mluzi.

Kilikuwa kinyago cha ujamaa, mpingo mtupu, kimo cha kufika kiunoni. Watu kumi wamepandana, huyu kashika mguu wa yule, na chini kabisa yupo wa kumi na moja aliyewabeba wote kichwani. Juu Polikarpo alikisawazisha kwa msasa mpaka bilauri ya maji isingetikisika. Na yule wa chini, ambaye wachongaji wenzake humpa sura ya mzee yeyote aliyekwisha kufa, yeye alimpa sura yake mwenyewe. Alitundika kioo cha kunyolea ukutani, akajichonga, na mikunjo ya shingo hakuisahau.

"Wa chini usimpe sura ya aliye hai, mwenzangu," alimwonya Valerian, ambaye walichonga naye banda moja.

"Kwani kuna maiti atakayekubali kuja kukaa hapa nimtazame?"

Wiki tatu za kwanza Polikarpo aliwabeba wale kumi kichwani mwake mwenyewe bila taabu. Aliwachonga kwa sura za ndugu zake, na ndugu alishawazoea.

Kisha Jumatano moja ya mwaka tisini na tano, saa sita mchana, akiwa anapiga msasa, uzito ukamshukia kichwani. Aliweka msasa chini.

"Kuna kitu kimewekwa," alimwambia mkewe, Filomena.

"Kikoje?"

"Kina pembe nne. Kina joto kwa nyuma."

Saa mbili usiku sikio lake la kushoto likaanza kusoma taarifa ya habari. Filomena alisikiliza mpaka hali ya hewa, akasema, "Talha kanunua televisheni," akaenda kupakua wali.

Majirani hawakuchelewa kujua. Marietha wa nyumba ya pili alikuja kila jioni na kigoda chake. "Shikamoo baba, leo kuna mpira?" Polikarpo aliitikia marahaba na kugeuza sikio upande wa wageni. Lalamiko lao lilikuwa moja tu, kwamba picha haionekani.

Filomena alimsimamisha mlangoni, akachora mstari wa mkaa usawa wa utosi wake. Mwezi uliofuata mstari ulikuwa juu yake kwa vidole viwili. Daktari wa zahanati alimpima presha, akamwandikia panado, akamsihi asiondoke kabla matokeo ya ligi hayajasomwa.

Shida ilikuwa kazi. Kwa kuwa shingo ilikuwa imeinama, kila alichochonga kiliinama. Alichonga mama na mtoto, wote wanatazama vidole vya miguu. Alichonga simba, naye kama aliyedondosha kitu. Watalii wanapenda kutazamwa usoni. Waliviinua, wakavigeuza, wakavirudisha. Halafu ganzi ikaanza, kutoka shingoni kushuka mkono wa kulia. Siku moja tezo lilimponyoka mara mbili. Filomena alimchua kwa mafuta ya nazi, na wote wawili walijua jambo moja. Mkono ule ukifa, hana kazi nyingine anayoijua duniani.

Mwezi wa tano, siku ya Ijumaa, Valerian alirudi kutoka Kinondoni, akavua kofia kabla ya kuketi.

"Talha kaagiza televisheni nyingine. Kubwa. Boksi lake limebebwa na watu wawili."

"Inawekwa lini?"

"Leo jioni."

Polikarpo na Filomena waliondoka hapohapo. Filomena alitembea nyuma yake, amemshikilia kidevu kwa kanga.

Dukani kulikuwa na watu wanaotazama mieleka. Sauti ilitoka kwenye televisheni na ikatoka kwenye sikio la Polikarpo, moja ikitangulia nyingine kidogo.

"Mzee, punguza, unatuchanganya," mtu mmoja akasema.

"Shikamoo, mzee Poli," alisema Talha. Boksi lilikuwa miguuni pake.

"Marahaba. Nimefuata kinyago changu."

"Mzee wangu, tulikubaliana. Kikiuzika utaitwa."

"Miezi mitano hii!"

"Biashara imelala. Ungejua nami ninavyohangaika."

"Kitauzika vipi na wewe umekigeuza meza?" Filomena akadakia. "Nani anaingia dukani akaulizia bei ya meza ya mwenye duka?"

"Mama, usiseme hivyo. Jumanne aliingia mzungu. Hivi vingine vyote hakuviangalia. Alikizunguka hiki mara tatu, akapiga magoti, akamshika huyu wa chini shavu."

Polikarpo alikumbuka. Jumanne jioni shavu la kulia lilimpoa ghafla, akadhani ni upepo wa mvua.

"Akasemaje?" aliuliza.

"Alitaka kukinunua. Pesa zote mkononi, wala hakuomba kupunguziwa. Aliuliza mpaka jina lako, niandike kwenye karatasi."

"Ukaandika?"

"Nilimwambia hiki hakiuzwi."

Filomena aliiachia kanga kwa mshangao wa hasira, na kidevu cha Polikarpo kikagonga kifua. Alijaribu kuinua uso ili amtazame Talha, akaishia kwenye kifungo cha tatu cha shati lake. Akazungumza na kifungo.

"Talha, mwanangu. Mie nachonga ili niuze, sina kingine. Mtu kaja mwenyewe, kakipenda, pesa anazo. Mkono wangu huu unakufa. Kwa nini ulimkatalia?"

Talha alimtazama kwa huruma, na haikuwa ya kuigiza. Alichukua kisu, akaukata utepe wa gundi wa boksi kutoka mwanzo hadi mwisho, akawaashiria watazamaji wawili waje kusaidia kunyanyua.

"Sasa mzee, na televisheni ningeiweka wapi? Kichwani kwa mzungu?"